Jua linatuvuta kuliko mwezi. Mbona bahari inafuata mwezi?

mama_wa_karai (Likoni)
Jumapili, saa nne usiku

Salaam aleikum nyote. Nina jambo la kitabu linanikosesha usingizi, na mimi si mtu wa kitabu. Nauza viazi karai na bajia hapa Mombasa, upande wa Likoni, pale watu wanapopandia kutoka kwenye feri. Mwaka wa kumi na moja huu niko hapo hapo.

Mwanangu yuko kidato cha pili. Ijumaa alirudi na karatasi ya mtihani wa fizikia, akapita moja kwa moja hadi chumbani, chakula hakutaka. Nikamwacha mpaka asubuhi. Kumbe kulikuwa na swali: kati ya jua na mwezi, ni kipi kinachoivuta dunia kwa nguvu zaidi? Yeye aliandika jua. Akakatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa, "Mwezi. Kumbuka maji kujaa na kupwa."

Akaniambia, "Mama, mimi nilipiga hesabu." Akageuza karatasi, nyuma ameijaza tarakimu mpaka kwenye pindo. Kwa nilivyomwelewa, vitu viwili vyovyote duniani na mbinguni vinavutana. Ukitaka kujua vinavutana kwa nguvu kiasi gani, unazidisha wingi wa hiki kwa wingi wa kile, halafu unagawanya kwa umbali uliozidishwa kwa umbali. Jua liko mbali sana lakini ni kubwa mno, na jibu lake limetoka kwamba jua linaivuta dunia mara 179 kushinda mwezi. Mia moja sabini na tisa! Nikamwambia arudie mbele yangu kwenye simu. Ikatoka ileile.

Sasa mimi nimezaliwa Mtongwe, na baba yangu alikuwa mvuvi wa malema. Tangu nipate akili nasikia nyumbani: mwezi ukiandama, bamvua, yaani maji yanajaa na kupwa sana, mwezi ukitimia siku kumi na tano, bamvua, katikati hapo, maji mafu, yaani yanajaa na kupwa kidogo tu. Jua sikumbuki kulisikia likitajwa, labda wakati wa kuanika ng'onda. Na bahari kweli inafuata mwezi, nashuhudia kila siku. Siku za bamvua maji yakipwa, ile njia ya kushukia kwenye feri inakuwa ndefu na yenye mteremko, mikokoteni inasukumwa na watu wanne. Siku za maji mafu anasukuma mmoja.

Sitaki kumtetea kwa sababu nimemzaa. Kama amekosea nitamwambia amekosea. Lakini hesabu inasema hivi, bahari inasema vile, na mtoto ananitazama mimi. Nimwambie nini?

chumvi_ya_tudor
Jumapili, saa nne na nusu usiku

Dada, jibu ni jepesi. Mwezi uko karibu. Kutoka hapa ni kilomita 384,400 tu, na jua liko karibu kilomita milioni 150. Aliye karibu ndiye mwenye nguvu. Yule mwalimu yuko sawa.

mama_wa_karai (Likoni)
Jumapili, saa tano usiku

Ahsante kaka, lakini huo umbali si ndio ameshaugawa? Nimemwamsha nikamuuliza. Anasema ameugawa mara mbili kama kanuni inavyotaka, na hata baada ya kugawanya jua bado limeshinda mara 179. Kwa hiyo ukaribu wa mwezi umo tayari ndani ya hesabu. Hatuwezi kuutumia tena mara ya pili.

mwalimu_wa_zamani (Mtongwe)
Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi

Mama, kwanza mpe kijana mkono kwa niaba yangu. Hesabu yake ni sahihi na jibu lake ni sahihi. Jua linaivuta dunia kwa nguvu zaidi kuliko mwezi, wala si kwa kidogo. Nimeirudia mwenyewe baada ya sala ya alfajiri. Tungamo la jua, yaani wingi wa kitu chenyewe kilichomo ndani yake, ni kama mara milioni 27 ya tungamo la mwezi. Umbali wake ni kama mara 389 ya umbali wa mwezi. 389 mara 389 ni 151,321. Gawanya milioni 27 na ushei kwa hiyo, unafika kwenye 179. Ndiyo sababu dunia inalizunguka jua na haiuzunguki mwezi.

Na baba yako naye alisema kweli. Bahari ya kwetu inamfuata mwezi kwanza, jua baadaye.

Kosa liko kwenye ile kalamu nyekundu, na si la mtu mmoja. Nimesomesha fizikia miaka 31, na miaka yangu ya mwanzo nami nilisomesha hivyo hivyo: maji yanafuata mwezi, basi mwezi una nguvu zaidi. Wale wanafunzi nikikutana nao leo huwaeleza upya, barabarani, msikitini, popote. Jambo hili naliona ni zito, kwa sababu mtoto aliyepiga hesabu vizuri akaambiwa amekosea hujifunza kuacha kupiga hesabu.

Sasa tuje kwenye maji.

Feri ikitoka Likoni kwenda kisiwani inakubeba wewe, karai lako na ndoo yako ya maji. Injini zake zina nguvu kubwa, lakini maji ya ndoo yametulia, kwa sababu ndoo na maji yake vinakwenda pamoja kwa mwendo mmoja. Ndivyo jua linavyotufanya. Linaivuta ardhi na bahari yake, milima, samaki na sisi, karibu sawasawa, na sote tunakwenda pamoja. Nguvu ikivuta kila kitu kwa kiasi kimoja, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kujaza bahari.

Kinachojaza bahari ni tofauti. Upande wa dunia unaoelekea mwezi uko karibu na mwezi kuliko kitovu cha dunia, na kitovu kiko karibu kuliko upande wa nyuma. Dunia ina upana wa kilomita 12,742. Kwa mwezi, upana huo ni mkubwa: ni kama sehemu moja ya thelathini ya njia yote kutoka kwake mpaka kwetu. Kwa jua, ambalo liko kilomita milioni 149.6, upana huo ni sehemu moja katika elfu kumi na moja na zaidi. Likitutazama, mbele yetu na nyuma yetu ni karibu mahali pamoja.

Wewe ni mfanyabiashara, tuhesabu kwa shilingi. Tuseme mwezi unaivuta dunia kwa shilingi 100. Basi jua, kwa hesabu ya kijana, linaivuta kwa shilingi 17,900. Sasa uliza kitu kingine: kati ya upande wa karibu na upande wa mbali, bei inapishana kwa kiasi gani? Kwa mwezi inapishana kwa asilimia 6.6 hivi, yaani shilingi 6 na senti 60. Kwa jua inapishana kwa asilimia 0.017 tu, na asilimia 0.017 ya shilingi 17,900 ni shilingi 3 na senti chache. Bahari haisogezwi na zile noti. Inasogezwa na chenji. Na kwenye chenji, mwezi unalishinda jua mara mbili na ushei.

Kijana akitaka kuiandika kwa lugha ya darasani, aandike hivi: mvuto wenyewe hupungua kwa umbali kipeo cha pili, lakini tofauti ya mvuto kati ya pande mbili hupungua kwa umbali kipeo cha tatu. Umbali ukizidi mara mbili, mvuto unabaki robo, na tofauti inabaki sehemu moja ya nane. Jua limepoteza zaidi kwenye tofauti kwa sababu ya umbali wake, na ukubwa wake wote ule haukutosha kufidia.

Bado kuna jambo ambalo huwashangaza wengi, nami lilinichukua muda. Kama mwezi unavuta maji kuelekea kwake, maji yangejaa mara moja tu kwa siku, pale tunapopita chini yake. Mbona kwetu yanajaa mara mbili?

Fikiria ngalawa tatu zimepangana mstari, zote zinakwenda upande mmoja na upepo. Ya mbele imepata upepo mwingi, ya katikati wastani, ya nyuma kidogo. Wewe umekaa kwenye ile ya katikati. Ukitazama mbele, unaona ngalawa inakukimbia. Ukitazama nyuma, unaona ngalawa nyingine inabaki, kama kwamba kuna mtu anaivuta kinyume. Hakuna anayeivuta kinyume. Inakwenda kulekule mnakokwenda, ila polepole kuliko wewe. Maji ya upande wa mwezi ndiyo ngalawa ya mbele, ardhi ndiyo ya katikati, maji ya upande wa pili wa dunia ndiyo ya nyuma. Kwa hiyo bahari huvimba pande mbili, mbele na nyuma, na dunia ikijizungusha, Mombasa inapitia uvimbe wote wawili.

Na hapa ndipo jua linapoingia nyumbani kwenu bila kutajwa. Mwezi ukiandama, jua na mwezi viko upande mmoja. Siku ya kumi na tano vimekabiliana, dunia katikati. Kwa kuwa kila kimoja huvimbisha pande mbili, mara zote mbili uvimbe wa hiki unaangukia uvimbe wa kile. Chenji zinajumlishwa: 6.60 na 3, karibu 10. Hiyo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta kutoka ubavuni, linavimbisha pale ambapo mwezi unapunguza. Chenji inatolewa: 6.60 toa 3, inabaki kama 3.60. Hayo ni maji mafu. Baba yako akisema bamvua, alikuwa anasema jua na mwezi wamekaa mstari mmoja. Hakuhitaji kulitaja.

Ujue pia kwamba chenji hiyo peke yake, kwenye bahari kuu yenye kina, ingepandisha maji kama nusu mita tu. Hapa kwetu Kilindini bamvua hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3, na maji mafu hukaribia mita 1. Umbo la sakafu ya bahari na la pwani ndilo linaloyakuza. Ila mpigo, lini yaje na lini yapungue, ni wa mwezi na jua.

mama_wa_karai (Likoni)
Jumatatu, saa tatu usiku

Mwalimu, shikamoo. Nimemsomea kwa sauti, mara mbili. Hapo kwenye chenji alisimama. Baadaye akala, sahani mbili.

Ndugu yangu hapa ananiuliza, nami sikuwa na jibu: kama ni hivyo, mbona mafuta ndani ya karai langu hayajai na kupwa? Na ile ndoo? Si nazo ziko chini ya mwezi huo huo?

mwalimu_wa_zamani (Mtongwe)
Jumatatu, saa tatu na nusu usiku

Marahaba mama. Ndugu yako ameuliza vizuri sana.

Tofauti inahitaji nafasi. Karai lako lina upana gani, sentimita 60? Dunia ni pana kuliko karai hilo mara milioni 21. Kati ya ukingo huu wa karai na ule, umbali mpaka mwezini haubadiliki kwa kiasi cha kupimika, kwa hiyo hakuna mbele wala nyuma, hakuna chenji. Mafuta yote yanavutwa sawasawa. Hata maziwa makubwa ya bara hayana kujaa na kupwa kwa kuonekana kwa macho. Bahari Hindi inaweza kwa sababu imeenea sehemu kubwa ya uso wa dunia.

kamba_na_nanga
Jumanne, saa moja asubuhi

Naunga mkono. Kazi yangu ni kufunga meli Kilindini, kwa hiyo maji nayasoma kabla ya gazeti. Siku za bamvua yanakupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku, na yanajaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Bamvua yenyewe haiji siku ileile ya mwezi, inachelewa siku moja au mbili. Na maji makubwa kupita yote ya mwaka ni ya karibu na mwezi wa tatu na mwezi wa tisa. Meli ikiwa imefungwa kamba fupi maji yakapanda mita tatu, utasikia kamba inalia. Lazima kuwe na mtu wa kulegeza na kukaza.

Sasa mwalimu, swali langu. Kijana anasema vitu viwili vyovyote vinavutana kwa kadiri ya wingi wao na umbali wao. Sisi tunajua meli mbili kubwa zikipita karibukaribu zinajivutana, ubavu kwa ubavu. Marubani wanaogopa jambo hilo. Nimeliona kwa macho yangu. Ndio uvutano wenyewe huo?

mwalimu_wa_zamani (Mtongwe)
Jumanne, saa nane mchana

Bwana wa kamba, uvutano upo kati ya hizo meli, lakini unachokiona si huo. Tupime.

Chukua meli mbili, kila moja tani 50,000, na kutoka katikati ya hii mpaka katikati ya ile mita 200. Meli ni ndefu na kanuni hii hupenda vitu vya mviringo, kwa hiyo tuchukue kama wingi wote umekusanyika katikati. Hayo ni makisio, lakini hayapotoshi. Ile namba ya uvutano inayotumika kwenye kanuni ni ndogo ajabu: nukta, sufuri kumi, halafu 6674. Zidisha, gawanya, unapata niutoni 4.2. Huo ni uzito wa kitu cha gramu 425. Tani laki moja za chuma na mizigo zikavutana kwa nguvu isiyotosha kuinua pakiti ya nusu kilo ya sukari!

Zisogeze mpaka mita 100. Umbali umekuwa nusu, nguvu inakuwa mara nne: kama kilo 1.7. Zitenge mpaka mita 400, nguvu inashuka hadi gramu 106. Hapo unaiona kanuni yote ikifanya kazi, lakini hakuna kamba yako hata moja itakayolia kwa ajili hiyo.

Kinachozivuta meli zinazopitana ni maji. Maji yanayopita kati ya bavu mbili yamebanwa, kwa hiyo hukimbia. Maji yakikimbia, msukumo wake kwa ubavu hupungua. Ya upande wa nje hayakubanwa, yamebaki na msukumo wake, nayo ndiyo yanayozisukuma meli zikaribiane. Rubani ana haki ya kuogopa, ila amwogope bahari.

Uvutano ni dhaifu hivyo, mpaka mmoja wa wanaovutana awe na wingi wa kupita akili. Dunia ina kilo 6 zikifuatwa na sufuri 24. Ndiyo maana unauhisi mvuto wake kila unaponyanyua pakiti ya unga ya kilo 2, wala huhisi mvuto wa meli uliyosimama kando yake. Na pakiti hiyohiyo ukiipeleka mwezini, unga ni uleule, chapati zitatoka idadi ileile, lakini mizani ya springi itasoma kama gramu 330, kwa sababu mwezi unavuta vitu vilivyo juu yake kwa sehemu moja ya sita tu ya tunavyovutwa hapa. Mizani ya mawe, ile ya sahani mbili, itasema kilo 2 vilevile, maana mawe nayo yamepungukiwa uzito pamoja na unga.

Udhaifu huo ulimfanya Mwingereza Henry Cavendish afanye jambo ambalo kila nikilisimulia darasani nilikuwa nashusha sauti. Mwaka 1797 na 1798 alitundika fimbo ya mbao kwa waya mwembamba, kila ncha ina tufe dogo la risasi la gramu kama 730. Kando yake akaweka matufe makubwa ya risasi, kila moja kilo 158. Kisha akatoka, akafunga chumba, akatazama kutoka nje kwa darubini kupitia tundu la ukuta, ili hata joto la mwili wake lisitikise hewa. Nguvu aliyokuwa anaitafuta ilikuwa ndogo kuliko uzito wa punje ya mchanga. Na fimbo ikageuka. Kidogo mno, lakini ikageuka, kuelekea matufe makubwa. Kutokana na mgeuko huo akajua kwamba dunia nzima, ukiilinganisha na maji ya ujazo huohuo, ni nzito mara 5.48. Leo kwa vyombo vyetu vyote tunasema 5.51. Mtu aliipima dunia akiwa nyuma ya ukuta wa nyumba yake.

kamba_na_nanga
Jumanne, saa kumi na mbili jioni

Gramu 425. Nimewaambia wenzangu kazini, hakuna aliyeamini mpaka mmoja akatoa simu akapiga mwenyewe. Ahsante mwalimu.

mama_wa_karai (Likoni)
Jumamosi, wiki mbili baadaye, saa mbili usiku

Nimerudi na vipimo vya maji, maana kijana alitaka kuyapima mwenyewe.

Tulikwenda Mtongwe kwenye ukuta wa mawe ulio nyuma ya nyumba ya marehemu baba. Chini yake maji hufika wakati wote, hata yakipwa. Siku mbili baada ya mwezi kutimia, kijana alisimama pale tangu asubuhi na kipande cha mkaa. Saa nne na robo akachora mstari maji yalipofika chini, na ilibidi alale kifudifudi ukutani, mimi nimeshika miguu. Jioni, saa kumi na dakika chache, akachora pale juu. Tukashusha futi ya fundi. Mita 3 na sentimita 20. Chaza walikuwa wamebaki nje kwenye jua, mawe yote ya chini yanameta, kina mama wanachokoa pweza mbali kabisa kule mwambani. Nilikuwa nimesahau harufu ile.

Wiki iliyofuata, mwezi nusu, tukarudi. Mita 1 na sentimita 10. Akakaa chini akaandika zile chenji za bamvua na za maji mafu, 9.6 gawanya kwa 3.6, kisha 3.2 gawanya kwa 1.1. Ya kwanza ikatoka 2.7, ya pili 2.9. Akasema, "Mama, zinakaribiana." Alinionyesha kidole kwenye zile namba kama mtu anayeonyesha nyumba yao.

Ile hesabu ya shilingi aliinakili kwa mkono mzuri, akampelekea mwalimu wake kwa adabu. Mwalimu alisoma yote, akanyamaza, akamwambia aiache karatasi mezani. Mpaka leo bado hajarudishiwa. Tunangoja.

Ana maswali mawili anataka nikufikishie mwalimu, nimeyaandika kama alivyoyasema. La kwanza, waliotangulia walijuaje kwamba ni umbali kipeo cha pili, na si umbali tu? La pili, kama vitu vyote vinavutana, basi mwezi ukiivuta bahari, bahari nayo inaufanya nini mwezi?

mwalimu_wa_zamani (Mtongwe)
Jumamosi, saa tatu usiku

Mita 3.20 na mita 1.10. Mama, nimesoma ujumbe huu nikaenda kuwasomea walio nyumbani.

La kwanza. Nazi ikidondoka kutoka mnazini, katika sekunde ya kwanza huanguka mita 4.9. Isaac Newton, ambaye kitabu chake cha kanuni hizi kilitoka mwaka 1687, alijiuliza kama mwezi nao huanguka. Na kweli unaanguka kutujia, ila pia unakwenda kando, kilomita moja kila sekunde, kwa hiyo kila ukianguka unakuta dunia imejipinda chini yake. Sasa, mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 ya nazi ile. Kama mvuto ungepungua kwa umbali tu, mwezi ungeanguka sehemu moja ya 60 ya mita 4.9, yaani sentimita 8 kwa sekunde. Kama ni kipeo cha pili, ni sehemu moja ya 3,600, yaani milimita 1.4 hivi. Ukitazama jinsi mwezi unavyojipinda katika mzunguko wake wa siku 27 na ushei, unapata milimita 1.4. Mnazi na mwezi zinatii kanuni moja. Mpe kijana aifanye mwenyewe, namba zote anazo.

La pili nimelisoma tena ili niwe na hakika kwamba ni yeye aliyeliuliza. Ndiyo, bahari inauvuta mwezi. Dunia inajizungusha mara moja kwa siku, mwezi unachukua karibu mwezi mzima kutuzunguka, kwa hiyo ule uvimbe wa maji huchukuliwa na dunia ukatangulia mbele kidogo ya mwezi. Uvimbe huo ni maji, una wingi, na wingi huvuta. Unauvuta mwezi kwa mbele, kidogo kidogo, na mwezi ukivutwa mbele katika njia yake hupanda, unakwenda mbali zaidi nasi. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo juu ya mwezi, na tangu hapo watu hutuma mwanga wa leza, wakangoja urudi, wakapima. Mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Kijana ana miaka mingapi, 15? Chukua ile futi ya fundi, mpimie sentimita 57. Tangu umzae, mwezi umesogea hapo.